Kalamu za rangi mkononi mwa mtu mzima

Askari ye yote aliyepata kufanya kazi katika chumba cha ramani anazifahamu kalamu za rangi. Katika ramani ya kijeshi maji ni buluu, misitu ni kijani, miinuko ya nchi ni kahawia, na kazi ya binadamu, kama vile nyumba na reli, ni nyeusi. Juu ya ramani hiyo ofisa huongeza rangi zake mwenyewe: vikosi vyake huviandika kwa buluu na vya adui kwa nyekundu. Polisi naye, anapochora mchoro wa mahali palipotokea ajali au uhalifu, hupambanua kwa rangi njia ya gari hili na lile. Hakuna amchekaye ofisa huyo, maana kila mtu anajua kwamba mstari uliokosewa katika ramani waweza kugharimu roho za watu.

Lakini ofisa yule yule, akikutwa jioni nje ya zamu ameketi na kalamu hizo hizo, anajaza rangi katika picha ya ngome au ya ndege aliyechorwa katika kitabu, hapana shaka wenzake watamwuliza kama amerudi darasa la kwanza. Leo, ndugu wasomaji, twataka kulizungumza jambo hilo linalochekwa, yaani vitabu vya kupaka rangi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na hasa vile vilivyotokana na hadithi mashuhuri za mfululizo. Twalizungumza kwa sababu nyuma ya mchezo huo kuna swali linalowahusu sana watu wa silaha: mtu aliyeona mambo mazito afanye nini na saa zake za kimya?

VITABU HIVI VILITOKA WAPI

Vitabu vya picha zisizo na rangi, ambazo mtoto huzijaza mwenyewe, vilianza kuenea Marekani na Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka wa 1903 kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilitoa kalamu za nta ziitwazo Crayola, boksi moja likiwa na rangi 8 na bei yake senti 5. Tangu hapo kupaka rangi kulihesabiwa kuwa kazi ya watoto wa shule.

Mtu mzima aliingia katika mchezo huo kwa mlango wa kejeli. Mwaka wa 1961 kilitolewa Marekani kitabu cha kupaka rangi kilichowadhihaki wakubwa wa makampuni. Msomaji aliagizwa aipake suti ya mkubwa huyo rangi ya kijivu, la sivyo angepoteza kazi yake. Watu walikinunua wakacheka, na vitabu vingine vya kuwadhihaki wanasiasa vikafuata. Baada ya miaka michache kicheko kikaisha.

Wimbi la pili lilikuja baada ya nusu karne, nalo halikuwa la kejeli. Mwaka wa 2012 shirika la Hachette la Ufaransa lilitoa kitabu chenye picha 100 za kupaka rangi, kikauzwa kama dawa ya kupunguza fadhaa. Mwaka wa 2013 mchoraji wa Uskochi, Johanna Basford, alitoa kitabu cha bustani kilichojaa majani, maua na wadudu waliochorwa kwa mistari myembamba ya wino. Kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni katika nchi nyingi. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba mwaka wa 2014 viliuzwa vitabu vya namna hiyo vipatavyo milioni 1, na mwaka uliofuata, wa 2015, vikawa kama milioni 12. Kampuni ya Faber-Castell ya Ujerumani, inayotengeneza kalamu tangu karne ya 18, ilibidi iongeze zamu za wafanyakazi ili kukidhi haja ya wanunuzi.

Katika mwaka huo wa 2015 wachapishaji wakaona njia nyingine. Kilitoka kitabu rasmi cha kupaka rangi cha hadithi za George R. R. Martin, zile za falme zinazogombea kiti cha enzi. Kikatoka cha hadithi za Harry Potter. Kikatoka na kile cha Outlander, mfululizo wa riwaya za Diana Gabaldon. Mwaka wa 2016 kikafuata kitabu cha ulimwengu wa Discworld alioubuni Mwingereza Terry Pratchett. Hivyo msomaji aliyekuwa amezisoma hadithi hizo kwa miaka mingi aliuziwa hadithi ile ile mara ya pili, safari hii bila maneno na bila rangi.

KWA NINI HADITHI ZA MFULULIZO

Mwenye kudhani kwamba hii ni hila ya wafanya biashara peke yake atakuwa amesema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba wachapishaji walitafuta faida. Lakini hadithi ya mfululizo ina tabia ambayo hadithi fupi haina: huishi na msomaji miaka mingi. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilitoka mwaka wa 1997 na cha saba mwaka wa 2007. Msomaji aliyeanza akiwa mtoto alimaliza akiwa mtu mzima. Huyo huzijua sura za watu wa hadithi, nyumba zao na mavazi yao kama ajuavyo mtaa wake. Akiletewa picha isiyo na rangi, huiletea rangi anazozikumbuka.

Tena hadithi nyingi za namna hiyo hutegemea rangi kwa jinsi ambayo askari ataielewa upesi. Katika hadithi za Martin kila ukoo una bendera yake: ukoo wa Stark una mbwa mwitu wa kijivu, ukoo wa Lannister una simba wa dhahabu juu ya nyekundu. Katika shule ya Harry Potter bweni moja ni la nyekundu na dhahabu, jingine la kijani na fedha. Aliyewahi kusimama gwaride chini ya bendera ya kikosi chake, au kushona beji begani mwake, hahitaji kufundishwa kwamba rangi ni kiapo.

Wasomaji wa Kiswahili nao wanazo hadithi za mfululizo walizokua nazo. Riwaya za Elvis Musiba wa Tanzania zilimleta mpelelezi Willy Gamba, ambaye katika Kufa na Kupona ya mwaka wa 1974 na Kikosi cha Kisasi ya mwaka wa 1979 alipambana na maadui wa Afrika. Katika hiyo ya pili kazi yake ilimfikisha Kinshasa. Katika gazeti la Taifa Leo la Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi. Hapa Bujumbura kwenyewe, mwaka wa 1997, Studio Ijambo ilianza kutangaza mchezo wa redio wa Kirundi uitwao Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye ndugu, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Mchezo huo ulisimulia maisha ya jamaa mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi, nao ulirushwa hewani nchi ikiwa bado vitani. Kila msikilizaji aliwaona majirani hao kwa macho ya moyo wake, kwa kuwa redio haina picha. Mchoraji hodari angeweza kuwatolea mistari, na msikilizaji akawapa rangi alizokuwa nazo kichwani miaka yote hiyo.

MSTARI NA RANGI

Kuna hadithi moja ya picha ambayo watu wengi wa nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji waliijua tangu utoto, nayo ni ile ya Tintin. Safari ya Tintin nchini Kongo ilianza kutolewa gazetini mjini Brussels mwaka wa 1930, ikawa kitabu mwaka wa 1931, nayo haikuwa na rangi. Wakati huo Burundi nayo ilikuwa chini ya Ubelgiji. Rangi ilikuja mwaka wa 1946, Hergé alipozichora upya kurasa zake na kuzipunguza zikawa 62. Katika karakana yake mistari myeusi ilikamilishwa kwanza. Kisha nakala hafifu ya mistari hiyo ilichapwa juu ya karatasi nyingine, na rangi ikapakwa humo, kila eneo rangi moja bila kivuli. Miongoni mwa waliomsaidia katika kazi ya rangi miaka hiyo alikuwa Edgar P. Jacobs, ambaye baadaye alijipatia jina kwa hadithi zake mwenyewe.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba Tintin naye, kabla hajawafikia wasomaji wa leo, alipita katika kitabu cha kupaka rangi, na wapakaji walikuwa watu wazima. Lakini kuna somo jingine. Rangi mpya hazikuondoa namna Mwafrika alivyochorwa humo: midomo mikubwa, akili ndogo, na magoti yaliyopigwa mbele ya mgeni. Raia mmoja wa Kongo alikipeleka kitabu hicho mahakamani mjini Brussels akitaka kipigwe marufuku, na mwaka wa 2012 mahakama ilikataa ombi lake. Hata hivyo hoja yake inabaki. Mwenye kupaka rangi ana uhuru, lakini uhuru wake unakomea kwenye mstari uliochorwa na mtu mwingine. Aliyechora mstari amekwisha kuamua nani ni mrefu, nani ni mfupi, nani anaamrisha na nani anabeba mzigo.

Basi yafaa tuwaangalie waliochora mistari yao wenyewe. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani, ni mmoja wa wachoraji mashuhuri wa Kongo. Mwaka wa 2014 kilitolewa kitabu chake cha picha kiitwacho Madame Livingstone, alichokichora akishirikiana na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Hadithi yake ni ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo yatendeka katika ziwa hili hili tulionalo kutoka ufukoni mwa Bujumbura. Ndani yake ofisa wa Kibelgiji anaitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo si ya kubuni. Ilishushwa majini Kigoma mwaka wa 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka wa 1916 walipokuwa wanarudi nyuma, ikaopolewa mwaka wa 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Askari wa Burundi asomaye kitabu hicho aona maji anayoyajua na vita ambavyo babu zake waliburuzwa kubebea mizigo. Hayo ndiyo tunayoyaita mistari ya nyumbani.

MAJERAHA YASIYOTOA DAMU

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Je, kupaka rangi kunamfaa mtu mzima, au ni kupoteza wakati?

Historia ya jambo hili ina askari wengi kuliko watu wanavyodhani. Mwingereza Adrian Hill alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akitumwa mbele ya mstari kuchora mahali pa adui. Mwaka wa 1938 alilazwa hospitalini kwa kifua kikuu, na katika kuchoka kwa kitanda akaanza kuvichora vitu vilivyokuwa karibu naye. Aliona nafuu ya moyo, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, na baadaye majeruhi wa Vita vya Pili. Mwaka wa 1942 yeye ndiye aliyeanza kulitumia kwa Kiingereza jina la tiba kwa sanaa, na mwaka wa 1945 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo.

Daktari wa nafsi wa Uswisi, Carl Jung, naye alikuwa ofisa wa jeshi la nchi yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alisimamia kambi ya maofisa wa Kiingereza waliozuiliwa nchini humo. Miaka ya 1918 na 1919, akiwa kambini, alichora kila asubuhi katika daftari lake duara dogo lenye mapambo, akaona kwamba duara la kila siku lilionyesha hali ya moyo wake siku hiyo. Maduara hayo, yaitwayo mandala kwa neno la Kihindi cha kale, ndiyo yaliyojaa leo katika vitabu vya kupaka rangi vya watu wazima.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka wa 2005 watafiti wawili wa Marekani, Curry na Kasser, waliwachukua wanafunzi 84, wakawatia hofu kidogo kwa kuwataka waandike juu ya jambo lililowahi kuwaogopesha, kisha wakawapa dakika 20 za kupaka rangi. Waliopewa mandala au mchoro wa mirabaraba walitulia. Waliopewa karatasi tupu hawakutulia vivyo hivyo. Yaelekea mstari uliokwisha kuchorwa huupumzisha moyo wenye hofu, kwa sababu unaushughulisha bila kuudai maamuzi makubwa. Lakini mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, waliwalinganisha waliopaka rangi peke yao na waliofanya sanaa ya kujichagulia pamoja na mtaalamu wa tiba hiyo. Makundi yote mawili yalipungukiwa na fadhaa, ila kundi la pili lilipata faida zaidi: lilitoka na furaha na imani ya kujiweza.

Kwa ufupi, kitabu cha kupaka rangi ni kama maji baridi kwa mtu mwenye homa: humpoza, bali hakimtibu. Twalisisitiza hilo kwa sababu wachapishaji wengine wameandika neno tiba juu ya majalada yao kwa wepesi mno.

Nchi yetu inayajua majeraha yasiyotoa damu. Vita vilivyoanza mwaka wa 1993 vilidumu zaidi ya miaka 10, navyo viliwaacha watu wa pande zote na mambo ambayo hawayasemi. Tangu Desemba 2007, kwa zaidi ya miaka 15, askari wa Burundi walitumika Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, na wengine wametumika katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani wamewachunguza hapa Burundi askari walio kazini na wapiganaji wa zamani, wakayaandika majeraha hayo ya nafsi. Dalili zake zinajulikana: usingizi unaokatika, ndoto zinazojirudia, kushtuka kwa kishindo cha mlango, hasira isiyo na sababu inayomwangukia mke au mtoto, na kutafuta usahaulifu ndani ya chupa. Polisi aliyeokota maiti za ajali na mafuriko aweza kuzipata sawa na yule aliyekuwa vitani.

Katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Marekani, kituo kilichofunguliwa mwaka wa 2010 huwapa askari wenye majeraha ya namna hiyo vinyago vyeupe wavipake rangi. Mtu aliyeshindwa kusema lililompata hulipaka juu ya uso wa kinyago, kisha mtaalamu huanza kuzungumza naye kutoka hapo. Tazama mpango wake: rangi hufungua mlango, na mtu aliyesomea kazi hiyo huingia naye ndani. Bujumbura ina kituo cha magonjwa ya akili na mishipa cha Kamenge, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité. Askari ambaye dalili tulizozitaja zimemkalia kwa wiki nyingi apasa kwenda kwa daktari wa kikosi chake au kituoni Kamenge. Kwenda huko si kushindwa, kama vile kufungwa bendeji mguuni si kushindwa. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua.

UFANYEJE BILA KITABU

Vitabu vya Ulaya ni ghali, na wimbi lake kubwa lilikwisha kupungua tangu mwaka wa 2017. Lakini msomaji hakosi cho chote. Karatasi, rula, kifuniko cha kopo, kalamu ya wino na kalamu chache za rangi za watoto wa shule zatosha. Zungusha wino pembeni mwa kifuniko upate duara. Ligawe kwa rula mara mbili, mara nne, mara nane. Katika kila pembe rudia pambo moja dogo: jani la mgomba, pembe ya ng'ombe, ngoma. Kwa mifano, tazama mapambo ya vikapu vinavyosukwa vilimani, au pindo za kanga za akina mama wa Buyenzi. Kisha anza kupaka kutoka katikati kwenda nje, bila haraka.

Mwenye kupenda ramani na ajaribu fumbo hili. Mwaka wa 1852 kijana Francis Guthrie, aliyekuja baadaye kufundisha hesabu Afrika ya Kusini, alikuwa anapaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza. Alitaka majimbo yanayopakana yasiwe na rangi moja, akaona kwamba rangi 4 zinatosha. Je, zinatosha kwa kila ramani duniani? Swali hilo la mpaka rangi liliwashinda wanahesabu zaidi ya miaka 100, hata mwaka wa 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wakalithibitisha kwa msaada wa kompyuta. Nasi tunao mfano wake mlangoni. Burundi inapakana na Rwanda, Tanzania na Kongo. Na hizo tatu nazo zinapakana zenyewe kwa zenyewe, Tanzania na Kongo zikikutana katikati ya Ziwa Tanganyika. Mtu hawezi kuzipaka nchi hizo nne kwa rangi tatu, ajaribu apendavyo. Uganda, kwa kuwa haipakani na Burundi, yaweza kukopeshwa rangi ya Burundi bila ugomvi.

Yafaa pia kufanya kazi hiyo mezani pamoja na watoto. Mtoto anayemwona baba yake, au mama yake aliye polisi, akichagua polepole kati ya kijani na buluu, hujifunza kwamba mkono ule uliozoea silaha una kazi nyingine. Na mzazi aliyeshindwa kuzungumza tangu aliporudi kutoka safari ndefu huenda akapata neno la kwanza katika swali dogo la mtoto: hapa tuweke rangi gani?

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, asichekwe askari atakayekutwa jioni na kalamu za rangi. Anayeipumzisha roho yake leo huamka kesho na jicho safi na mkono usiotetemeka, na wananchi analala kwa amani karibu naye wanaujua umuhimu wa mkono huo. Aliyeona kwamba rangi hazimtoshi, na amwone daktari mapema. Na wachoraji wetu, wenye wino na vipaji, watuchoree mistari ya ziwa letu, ya milima yetu na ya majirani wetu. Rangi tutaziweka wenyewe.